Barua ya Tisa

Kiwanda kilipouzwa, hakuna aliyeikumbuka maktaba. Mnunuzi alikagua mashine, akakagua maghala, akakagua hata miashoki iliyopandwa kando ya uzio, ndipo akafungua mlango wa nyumba ndefu ya bati nyuma ya kantini na kukuta makabati ya vitabu, na mwanamke ameketi katikati yake anabandika lebo.

"Wewe nawe ni wa kiwanda?" akamwuliza.

"Mie ni wa vitabu," Naima akamjibu.

Hiyo ilikuwa Januari, mwaka wa tisini na saba. Naima alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameimalizia mle ndani. Maktaba ile ya Chang'ombe ilianzishwa zamani na wafanyakazi wenyewe, ili mtu akitoka zamu aweze kuazima kitabu kabla hajarudi kwake Temeke au Keko. Vitabu vikubwa vilivyokuwamo vilipatikana kwingine pia. Hazina yake ilikuwa vijitabu: vya kurasa thelathini, hamsini, vilivyopigwa chapa humu humu mjini miaka ya hamsini na sitini na watu waliokuwa na neno la kusema. Kulikuwa na hadithi, tenzi, mawaidha ya ndoa, namna ya kufuga kuku, namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Vingi kati yake havikuwa vimebaki popote pengine duniani isipokuwa kwenye lile bati.

Mnunuzi alitoa muda hadi mwisho wa Juni. Wafadhili fulani wa ng'ambo wakapata habari, wakaleta kompyuta mbili, skana moja, na mtaalamu mmoja aitwaye Anselmo, mtu wa Songea, mpole, wa miaka kama thelathini. Kazi ilikuwa kuupiga picha kila ukurasa, picha ziingie kwenye kompyuta, kisha kwenye CD, na CD zipelekwe maktaba kubwa ya mjini ambako yeyote angeweza kusoma. Lakini kulikuwa na sharti. Mwenye kijitabu, au warithi wake, aridhie kwa maandishi.

"Na yule asiyejulikana?" Naima aliuliza siku ya kwanza.

"Hizo tunaziita kazi yatima, dada Naima. Tunazipiga picha, lakini zinafungwa. Haruhusiwi mtu kuzifungua mpaka mwenyewe apatikane."

"Yatima ni aliyefiwa. Hivi hatujui kama vimefiwa. Hivi ni kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama yake yupo, anazunguka upande wa pili."

Anselmo akatabasamu, lakini juu ya orodha yake akaandika Yatima vilevile, maana ndivyo fomu ilivyotaka.

Kutafuta wenyewe kukawa kazi ngumu kuliko kupiga picha. Waandishi wa siku zile hawakupenda kujitaja. Mmoja alijiita Mpenda Haki, mwingine Mwana wa Pwani, mwingine herufi mbili tu. Viwanda vya chapa vilivyowachapia vilikuwa vimekufa, wenyewe wamehamia Kanada au wamehamia kaburini. Anuani zilizochapwa nyuma ya jalada zilitaja mitaa iliyokwisha kubadilishwa majina. Walipotoa tangazo redioni kumtafuta aliyeandika kijitabu cha kufuga kuku, walikuja watu kumi na mmoja, kila mmoja akiapa kwamba ni yeye, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kilianza na neno gani. Kufika mwisho wa Aprili, vijitabu arobaini na kimoja vilikuwa bado kwenye orodha ya yatima.

Arobaini Naima aliviandikia barua, akavitolea matangazo, akavisubiri kama mtu anayefanya wajibu wake. Hicho kimoja alikuwa anakitafuta kwa moyo.

Kiliitwa *Hofu Iko Kwako*. Kurasa arobaini na nane, jalada la kijivu, Kiwanda cha Chapa cha Noorali, Chang'ombe, 1967. Mwandishi: M. wa Temeke. Basi. Ndani mlikuwa na barua kumi na mbili za mwanamke kwa mume wake aliyekwenda kufanya kazi Mombasa kwa miezi sita, na miezi sita ikawa mwaka, na mwaka ukawa miwili. Majibu hayakuwamo. Karatasi tatu za kugongea mihuri ya kuazima zilikuwa zimebandikwa moja juu ya nyingine, na zote zilikuwa zimejaa. Wanawake wa kiwandani walikuwa wakikiazima, wakikirudisha, wakikiazima tena.

Naima mwenyewe alikuwa akijua kurasa nzima kwa moyo. *Mvua imenyesha na makuti yamevuja upande ule unaolala wewe. Sijayaziba. Nimeona hakuna wa kulowa.* Hakuna siku aliyousoma mstari huo asifunike kijitabu kwanza, apumue, kisha aendelee.

Maana yeye pia alikuwa na wake aliye mbali. Nassibu aliondoka mwaka wa themanini na tisa kwenda Maskati, aliposikia kuna kazi ya udereva. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, na alisema angerudi baada ya mwaka mmoja na mtaji wa duka. Mwaka wa kwanza zilikuja barua nne na kanda moja ya kaseti aliyojirekodi akisalimia ndugu wote kwa majina. Mwaka wa pili ikaja barua moja. Baada ya hapo kimya, miaka sita sasa. Watu wakiuliza, Naima alisema, "Yupo, Maskati." Kwenye fomu aliandika kwamba ameolewa, na penye nafasi ya anuani ya mume aliandika *safarini*. Alikuwa amezoea kuandika hivyo hata mkono haukusita tena.

Mwanzoni mwa Mei alikwenda kwa Zehra, binti wa marehemu mzee Noorali. Zehra alikuwa mama wa makamo mwenye duka la madaftari na mashine ya fotokopi, mtaa wa tatu tu kutoka pale kiwanda cha baba yake kilipokuwa. Siku hizi pale palikuwa na mtu anayeuza majokofu ya mtumba kutoka Dubai. Zehra alikipokea kijitabu, akakinusa kabla ya kukifungua.

"Wino wa baba huu," akasema. "Mie nilikuwaga nakunja karatasi hizi nikitoka shule. Lakini nani kaandika, sijui. Baba Kiswahili cha kusoma kilikuwa kinamshinda. Chochote kilicholetwa alimwachia Fakihi."

"Fakihi ndiye nani, mama?"

"Mpanga herufi wake. Miaka ishirini na miwili yuko pale. Kuna siku alipanga ukurasa mzima taa zimekatika, kwa kupapasa tu, na hakukosea."

"Alishafariki?"

"Nani kasema? Yuko Madale, ana shamba la mikorosho. Kila mwaka ananiletea korosho, na kila mwaka anakataa kukaa, anasema viatu vyake vina udongo."

Jumamosi iliyofuata Naima alishuka Tegeta, akapanda vilima kwa miguu akiuliza njia, mpaka akamkuta mzee mwembamba amekaa juu ya gogo anachambua korosho. Alimpa shikamoo, akajieleza, akakitoa kijitabu kwenye mkoba. Mzee Fakihi aliliona jalada tu, akaacha alichokuwa anakifanya.

"Nilidhani vimekwisha vyote," alisema.

"Ni wewe uliyekiandika, mzee?"

Alijifuta mikono kwenye shuka yake, kidole kimoja kimoja, na Naima aliona ncha za vidole vyake zilikuwa bapa, kama zilizobanwa na kitu miaka mingi.

"Mkono ulikuwa wangu," akasema. "Maneno hayakuwa yangu."

Ndipo akamsimulia. Ijumaa baada ya adhuhuri kiwanda cha chapa kilikuwa kikifungwa, na yeye alikuwa akibaki kivulini nyuma yake kuwaandikia watu barua. Mwaka wa sitini na nne akaanza kuja mwanamke mmoja kutoka Temeke, jina lake Mwanakombo, muuza vitumbua, mumewe Khalfani yuko Mombasa bandarini. Hakujua kusoma. Alikuwa anakaa kitako, anafumba macho, anasema, na yeye anaandika.

"Watu wengine unawaandikia, unawapambia. Huyu ukibadilisha neno moja barua inaharibika. Nikawa nikirudi kwangu naiandika tena nakala, nakaa nayo. Barua yenyewe naipeleka posta, wallahi, zote nilizipeleka. Lakini nakala nilikaa nazo. Kumi na mbili zilipotimia akaacha kuja. Nikangoja mwaka. Halafu usiku wa kazi za ziada nikazipanga herufi, nikachapa nakala mia tatu, mzee Noorali akadhani ni hadithi."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Ningemwomba vipi? Ningesema nini?" Alikitazama kijitabu bila kukigusa. "Niliandika M. wa Temeke ili iwe kama nimemtaja. Majina yote niliyabadilisha. La mtoto tu lilinishinda."

Naima alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama alikuwa akimpenda yule mwanamke.

"Nilikuwa nayapenda maneno yake. Kuna tofauti, lakini wakati ule sikuijua." Kisha akaongeza, "Fomu yako hiyo mie siwezi kuitia saini. Mwenyewe yupo, nyuma ya soko la Stereo, kama hajahama. Mie nimepita pale mara nyingi, miguu ikakataa kuingia. Wewe nenda. Ukimsomea, jiandae. Kuna barua moja humo ina uzito kuliko nyingine, na ipi, atakwambia yeye."

Miaka thelathini M. wa Temeke alikuwa akiishi mwendo wa dakika kumi kutoka chumba alichopanga Naima. Huenda alikwisha kununua vitumbua vyake. Naima aliliwaza hilo njia nzima, na kesho yake, Jumapili alasiri, akabisha hodi kwenye nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu nyuma ya soko.

Bi Mwanakombo alikuwa mwanamke mnene, mwenye sura ya mtu asiyependa kupotezewa muda. Alimkaribisha mkekani ukumbini, akasikiliza mpaka mwisho: kiwanda, kompyuta, Noorali, Fakihi, nakala mia tatu. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Wangapi wamezisoma?" akauliza.

"Wengi, mama. Sanasana kina mama wa kiwandani."

"Wale wa zamu ya asubuhi? Waliokuwa wananunua kwangu?"

"Na hao pia, nadhani."

"Kwa hiyo mie nawahesabia vitumbua, na wao wanajua makuti yangu yanavuja upande gani." Aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko. Naima alijua huu ndio wakati wa kuaga. Alikuwa ameshashika mkoba wake pale Bi Mwanakombo alipotoka tena, amejifunga khanga nyingine, safi, akaketi kwa kuegemea ukuta.

"Khalfani alirudi," alisema, kama anayeendelea na mazungumzo mengine. "Mwaka wa sitini na tisa. Kazi ya bandarini alikuwa ameipoteza mwezi wa tatu tu tangu afike. Akawa anaosha vyombo hotelini, akaona haya kuandika. Lakini barua zangu zote alikuja nazo, kwenye kopo la biskuti. Alikuwa anajua kusoma, yeye. Tukimaliza kula ananisomea. Mie nilikuwa namwambia, huyo mwanamke anajua kusema, ni nani? Anacheka. Halafu mchwa wakaingia kwenye sanduku tulikozihamishia. Mwaka wa themanini, themanini na moja. Hakikubaki kitu. Naye mwenyewe akafariki mwaka wa themanini na nane." Alinyoosha khanga magotini. "Tangu mchwa wale sijajisikia. Haya. Nisomee."

Naima akasoma.

Alisoma polepole, akihofia kukosea mbele ya mwenyewe. Bi Mwanakombo alifumba macho, na kufika barua ya pili midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na maneno, wakati mwingine ikiyatangulia. Kwenye ya tatu, penye makuti, alitikisa kichwa na kusema, "Nilikuwa na miaka ishirini na minne." Kwenye ya tano alicheka, kwa sababu ya jirani mmoja mwizi wa kuni aliyekwisha kumsahau. Jua lilihama kutoka mkekani kwenda ukutani. Mjukuu mmoja akaleta chai, ikapoa.

Barua ya tisa ndiyo aliyokuwa akiipenda Naima kuliko zote, na alipofungua ukurasa sauti yake ilichangamka. *Ama baada ya salamu, Tabu ametembea.*

"Subiri," Bi Mwanakombo akasema.

Alikuwa amefumbua macho.

"Tabu alikuwa amekwisha kufa," akasema. "Surua. Miezi minne kabla ya barua hiyo. Alikuwa anasimama kwa kushika ukuta tu, hajapiga hata hatua moja."

Naima akakishusha kijitabu mapajani.

"Fakihi alikuwa anajua. Alikuja mazikoni. Nilipokaa pale nikamwambia andika Tabu ametembea, alinitazama, halafu akaandika. Hakuniuliza kitu. Ningemwambiaje Khalfani kwa karatasi? Mtu yuko peke yake ugenini, unamtumia maiti kwenye bahasha? Nikasema, akirudi nitamwambia. Akarudi. Alikuwa amebeba viatu vya mtoto wa miaka mitano." Akanyoosha kidole kwenye kijitabu. "Hii barua alikuwa anairuka, akinisomea. Kutoka ya nane anaingia ya kumi. Kwa hiyo na mie sijawahi kuisikia. Soma."

"Mama, si lazima."

"Soma, mwanangu."

*Ametoka kwenye mkeka mpaka kwenye mtungi, akashika mdomo wa mtungi, akageuka kunitazama kama anayeuliza, haya, na sasa niende wapi? Nikamwambia njoo huku, baba yako yuko mbali, huwezi kufika leo. Akaja. Hatua sita. Ya saba akaanguka, hakulia.*

Naima akanywa ile chai baridi. Bi Mwanakombo hakuwa analia. Alikuwa ameukazia macho mkeka wenyewe, nafasi ile tupu kati yao, kana kwamba anapima umbali. Barua tatu zilizobaki zilisomwa bila neno.

Baadaye Naima alitoa fomu, akamweleza vile Anselmo alivyomweleza yeye: kwamba mwenye kazi ndiye mwenye kauli, kwamba anaweza kukataa kabisa, au kukubali kwa sharti. "Barua ile tunaweza kuitoa, mama. Itajulikana kwamba ni ombi la mwenyewe. Hakuna atakayeisoma tena."

Bi Mwanakombo alipitisha kiganja juu ya mkeka.

"Iacheni," akasema. "Humo tu ndimo alimotembea."

Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi kwa nguvu, kama anayefunga bahasha. Penye jina la mwandishi akataka liandikwe lake lote, Mwanakombo binti Shomari, wala si herufi moja. Naima alipokuwa anakunja fomu akaambiwa aikunjue tena.

"Na Fakihi mwandike. Aliiba, lakini mkono wake ulichoka." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Na wewe wako yuko wapi?"

Naima akatoa jibu lake la siku zote. "Yupo, Maskati."

"Tangu lini?"

"Themanini na tisa."

"Anaandika?"

"Zamani."

"Umemtafuta?"

"Anajua nilipo, mama. Sijahama."

"Sikukuuliza anajua nini. Nimekuuliza kama umemtafuta."

Naima akakusanya vitu vyake, akaaga. Alirudi kwake na fomu kwenye mkoba, na furaha aliyodhani angekuwa nayo haikuja. Usingizi nao haukuja. Alikuwa anajiona mwenyewe akipanda vilima vya Madale, akibisha hodi kwa Zehra, akilipa tangazo redioni kumtafuta mfugaji wa kuku. Kwa muda usiozidi wiki mbili alikuwa amempata mtu aliyefichwa nyuma ya herufi moja kwa miaka thelathini. Na Nassibu, ambaye jina lake lote alilijua, na la baba yake, na la kijiji cha mama yake, hakuwahi kumtafuta hata siku moja. Hakuwahi kumwuliza mtu aliyetoka Maskati. Hakuwahi kwenda kwa shemeji yake Kinondoni na kumkalisha chini. Aliogopa kumpata.

Ilimchukua siku tisa kupata ujasiri. Suhaib, mdogo wake Nassibu, alikuwa na gereji ndogo Kinondoni, na alipomwona Naima amesimama mlangoni siku ya kazi alijifuta mafuta mikononi akiuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, shemeji. Nimekuja kuuliza neno moja, na naomba usinihurumie. Nassibu yu hai?"

Suhaib alitazama chini. Aliokota spana, akaiweka palepale alipoitoa.

"Yu hai."

"Ana mke?"

"Shemeji, ingia ndani ukae."

"Nimesimama vizuri."

"Ana mke. Tangu tisini na moja. Wako Sohar, mji mwingine wa hukohuko, ana watoto wawili." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama alisema tusikwambie mpaka uulize. Nikawa nasubiri. Kila Idi ukija naona leo atauliza. Wewe unauliza bei ya sukari. Mbona hukuwahi kuuliza?"

Jibu Naima alikuwa nalo, lakini halikumhusu Suhaib. Aliuliza kama watoto wanafanana na baba yao. Suhaib akasema mkubwa, ndiyo, hasa akicheka. Naima akasema amesikia. Kisha akaomba kalamu na karatasi, akamwambia amwandikie anuani, yote, mpaka namba ya sanduku.

Kwa siku mbili hakuonekana kazini. Siku ya tatu alikuja, akawasha skana, akaendelea palepale alipoishia. Anselmo alimwona macho, akaamua kumsimulia habari za mvua ya Songea mpaka saa sita mchana, na Naima alimshukuru moyoni kwa hilo. Barua kwa Nassibu aliiandika kwenye dawati la maktaba, akiwa na akili zake zote. Haikuwa ndefu. Alimwambia kwamba anajua, kwamba hana ugomvi naye, na kwamba anaomba talaka yake iandikwe na iletwe na mtu mwaminifu.

Mwisho wa Juni walikabidhi jengo. Makabati yalipakiwa kwenye lori, na CD saba Anselmo alizibeba mwenyewe mapajani. *Hofu Iko Kwako* kilikuwa kwenye ya tatu, kimefunguliwa kwa kila msomaji, chenye majina mawili. Arobaini vilibaki vimefungwa. Maktaba kubwa ilimwajiri Naima aendelee kuwatafuta wenyewe, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewapata wawili: mjane mmoja Mbagala, na mzee mmoja aliyekuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kutunga utenzi.

Talaka ilikuja Septemba, mkononi mwa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kwao Magomeni. Nassibu aliiandika vizuri, kwa heshima, na chini yake aliomba msamaha kwa mistari miwili ambayo Naima aliisoma mara nyingi kuliko alivyotaka.

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanakombo alikuja kumtazama chumbani kwake. Alileta bakuli la vitumbua lililofunikwa kwa kitambaa, akaketi kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Walizungumza habari za bei ya mchele, za mkwe wa jirani. Kisha Naima akasema, bila kumtazama:

"Nilidhani nikijua, ingeisha. Bado namkumbuka, mama. Nikisikia mtu anakohoa uani nageuka."

"Utamkumbuka," Bi Mwanakombo akasema. "Mie wangu alirudi. Tukakaa miaka kumi na tisa nyumba moja, tukazaa, tukagombana, nikamzika mwenyewe. Na bado yule aliyeondoka na mfuko wake begani, mwaka ule, hakuwahi kurudi. Yule nilimngoja mpaka nikachoka."

Naima alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Nje walikuwa wanapiga adhana ya alasiri. Naima akainuka kumimina maji ya udhu kwenye kopo, akampa mgeni wake kwanza, akasimama na taulo mpaka amalize.